Sipre ya Parseli Yetu

Hapa Ndosho, mjini Goma, mti haushiki hivi hivi. Ili kuipanda sipre iliyosimama karibu na lango letu, marehemu baba alivunja mawe ya volkano kwa baramini, akajaza shimo kwa udongo uliokuja kwa magunia juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao. Basi tawi la upande wa jikoni lilipogeuka rangi ya kutu katikati ya kiangazi, nyumba nzima iliingia kesini.

Baba mudogo alitoa hukumu siku hiyo hiyo. "Iyi muti iko nakufa juu ya volkano." Hakusema ovyo. Moshi wa Nyiragongo na wa Nyamulagira mara nyingi husukumwa na upepo kuelekea magharibi, upande wetu na upande wa Sake. Gesi yake ya salfa ikikutana na mvua inashuka kama asidi, inababua majani ya maharagwe na kula mabati. Lakini asidi haichagui. Kando ya ukuta ule ule kulikuwa na mgomba na mstari wa maharagwe, mimea yenye majani laini kuliko sipre, na yote ilikuwa mibichi.

Koko, mzee wa nyumba yetu, akasema ni mazuku. Yeye alikulia njia ya Sake, amewahi kuona mbuzi wakilala chini katika bonde dogo asubuhi na wasiamke. Gesi ya kaboni hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mahali penye shimo. Hofu yake naiheshimu, maana mazuku huua watu pia. Ila mazuku huanzia chini, na chini ya tawi lile kuku wa Koko walikuwa wakiparua kutwa nzima, wazima kabisa.

Wakati sisi tunabishana, baba mudogo alimleta mchoma makala aupime mti kwa macho. Nasema wazi kwamba siku hiyo niliumia. Makala ni ghali Goma, najua; lakini kivuli katika mji uliojengwa juu ya mawe meusi nacho ni mali. Mama alikuwa anasuka ukindu barazani. Hakuinua uso. "Mutu hakatwe mbele ya kupimwa," alisema, na yule bwana akaaga.

Aliyepima ni yaya, dada yetu mkubwa, aliyesomea kilimo. Hakuanza na majani yaliyokauka. Alianza na yale yaliyo jirani nayo, ambayo bado yalikuwa ya kijani. Akayashika, vidole vikanata. Akalichunguza gome akitafuta nyufa zinazotoa utomvu, kwa sababu kuna ugonjwa wa kuvu unaopasua gome la sipre hivyo. Gome lilikuwa zima. Lakini vijiti vya ndani vilipakwa kitu cheusi kama masizi, na kwenye shina sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kwa mstari. Akawafuata kwa macho mpaka kwenye kijiti kimoja, akakipindua.

Walikuwepo, wamebanana, rangi ya gome lenyewe: vidukari. Wananyonya utomvu wa kijiti na mate yao yanakitia sumu mpaka kikauke. Utamu wanaoumwaga ndio unaonata, ndio unaowaita sisimizi, ndio unaootesha ile kuvu nyeusi.

Kidukari hiki si mwenyeji. Sipre yenyewe asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Kidukari chake kinatoka upande wa mashariki ya Bahari ya Mediterania. Vilikutana Afrika, mbali na maadui waliozoea kukila. Mwaka 1986 kilionekana Malawi, mwaka 1990 kikawa kimefika Kenya, na mashamba ya sipre yakakauka nchi baada ya nchi. Malawi ilibidi aletwe nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari. Mtu akiniambia mti wa uani ni jambo dogo, humkumbusha njia hiyo ndefu.

Baba mudogo alirudi na chupa ya dawa isiyo na karatasi, aliyouziwa sokoni. Koko aliwakusanya kuku wake na kusimama mbele ya mti. Yaya alikuwa upande wake: dawa isiyojulikana ingeua pia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, ambao tayari walikuwa wakila vidukari bila malipo. Alitaka sabuni ya kipande iliyokwanguliwa na kuyeyushwa, kijiko kikubwa kimoja kwa lita, jioni, jua likishalala.

Na maji? Hapo ndipo palipowaka moto. Bomba lilikuwa kavu, kila bidoni ililipiwa. "Tutaogesha muti, watoto wabaki?" Mama aliuliza. Tukakubaliana kwamba maji ya kusuuzia nguo yangetumika kuosha vijiti kwanza.

Jioni ya kwanza vipande vya sabuni ambavyo havikuyeyuka viliziba pompi. Baba mudogo, juu ya ngazi, alisukuma kwa nguvu zote. Mpira ukachomoka, povu likamwagikia nguo zilizoanikwa na sufuria ya bugali. Tulilala na chai. Kesho yake yaya alichuja maji ya sabuni kwa kitambaa, baba mudogo akapanda tena, akafikia vijiti vya ndani kabisa. Shina likafungwa kitambaa chenye grisi kuwazuia sisimizi. Tulirudia kila juma hadi mvua za mwezi wa tisa.

Vijiti vilivyokauka tulivikata. Sipre haichipui kutoka mti mkavu, kwa hiyo pengo la upande wa jikoni litabaki. Kutu haikuendelea mbele.

Lakini ua wa jirani pia ni wa sipre, na wiki iliyopita yaya alipindua kijiti kinachoinamia kwetu. Wamo. Baba mudogo amebeba pompi kwenda kwake, na jirani ameshauliza bidoni za maji atazilipa nani.