Simu ya Mama Yaingia Mferejini

Ubishi katika nyumba yetu hapa Bomeni ulianza Disemba, shemeji alipokuja kutoka Mombasa akamwuliza mama mkwe, "Mama, simu hii ikipotea, sauti za Baba utazipata wapi?"

Sauti zenyewe ni jumbe za WhatsApp alizotuma marehemu baba mkwe akiwa amelazwa: mipaka ya shamba la migomba, nani anatudai, nani tunamdai. Mama huzisikiliza kila Jumapili akitoka kanisani.

Shemeji alitaka kila kitu kipandishwe mtandaoni. Mume wangu akakataa. Bando ni pesa, alisema, na huku mpakani simu ikikaribia Holili hushika mtandao wa Tanzania. Heri memori kadi, kitu unachokishika mkononi.

"Na kadi ikiwa ndani ya simu ileile, kaka, umehifadhi nini?"

Mama akawanyamazisha wote wawili. "Simu yangu naifunga kangani. Itaenda wapi?"

Hata hivyo, kabla ya kurudi Mombasa, shemeji aliwasha hotspoti ya simu yake, akapandisha nakala ya WhatsApp ya Mama.

Jumatano moja ya Machi, siku ya soko, Mama aliinama kunawa miguu kwenye mfereji wa maji ya Njoro Kubwa. Fundo la kanga likalegea. Watoto waliikuta simu chini kabisa, imekwama kwenye tope. Tuliizika kwenye mchele, mchele haukufua dafu. Fundi wa mjini alipoifungua, alitikisa kichwa tu.

Laini ilipona, na majina ya wateja wa ndizi wa soko la Kongowea ambayo Mama alikuwa ameyaweka kwenye laini yakarudi yote. Memori kadi ikapanguswa, picha za arusi zikaonekana. Mume wangu akachangamka kama aliyeshinda kesi. Lakini sauti za Baba hazikuwamo. WhatsApp kwenye simu za Android hujitengenezea nakala kila saa nane usiku, ila huiweka katika hifadhi ya simu yenyewe, si kwenye kadi. Simu ikifa, nakala hiyo inakufa nayo.

Ikabaki ya mtandaoni, na hapo tukakwama tena. Akaunti ya Google ilifunguliwa na kijana aliyemuuzia Mama simu, pasiwadi hakumwachia. Tuliokolewa na laini: tuliitia kwenye simu nyingine, msimbo wa kuthibitisha ukaingia kwa SMS. Tukakuta nakala moja, ya Disemba. Simu ilikuwa imewekwa ipandishe kwa Wi-Fi peke yake, na nyumba yetu haina Wi-Fi. Tangu shemeji aondoke hakuna kilichopanda. Maagizo ya ndizi ya miezi yote iliyofuata yalipotea, na Mama alilazimika kuwapigia wanunuzi mmoja mmoja kuuliza nani aliagiza mikungu mingapi.

Sauti za Baba zilirudi zote. Mama alilia, kisha akatuita tusikilize ile ya mipaka.

Mimi niliyewasikiliza ndugu hawa wakivutana naona wote wawili walikuwa na nusu ya haki. Video nzito ziende kwenye kadi au flashi, maana GB 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya barua pepe, picha na siku hizi hata nakala za WhatsApp. Lakini flashi hiyo ikae mbali na simu. Yetu sasa imo sandukuni pamoja na hati ya shamba. Jumbe na sauti ni nyepesi: ondoa video kwenye nakala, uruhusu ipande kwa bando mara moja kwa wiki. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya maagizo yale.

Nawe ambaye mama yako anatumia simu, muulize jioni hii akaunti yake ni ipi na pasiwadi ameiandika wapi. Kisha fungua WhatsApp yake, uangalie nakala ya mwisho ni ya tarehe gani.