Kobalti Anajitafuna

Jina ndilo lililoniponza. Mwaka 2018 bei ya kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani, Kolwezi nzima ikatembea kifua mbele, hata mimi ninayeuza uniti za simu hapa Manika nikajiona mwekezaji. Nikaletewa mtoto wa mbwa, mwekundu, masikio yamelala. Nikamwita Kobalti. Nikasema huyu atapanda thamani tu. Basi bei ikaporomoka. Februari 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha kabisa kupeleka kobalti nje, Oktoba ikafungulia kwa mgao. Na Kobalti wangu, mwaka huohuo, akaanza kujila mwenyewe.

Nasema kujila. Anaanza taratibu, pale mgongoni karibu na mkia. Ananusa. Analamba. Halafu yanaingia yale meno madogo ya mbele, tk-tk-tk-tk, manyoya yanang'oka vishungi vishungi. Na saa yake ni usiku. Umeme umekatika, mtaa kimya, sisi wote tumelala macho tunasikiliza meno ya mbwa. Bibi yangu, yaani mke wangu, ananisukuma kwa kiwiko: "Papa, nenda mwambie mbwa wako aache." Nikaenda. Nikamwambia. Akaniangalia, akaendelea.

Mnakumbuka mtaa wa Kasulo, hapahapa Kolwezi, mwaka 2014? Mtu kachimba uani kwake, kakuta madini, punde mtaa mzima unachimba chini ya vitanda. Ndiyo habari ya Kobalti. Kafungua shimo la kwanza karibu na mkia. Kahamia kiunoni. Kashuka pajani. Kidonda chekundu, kinanata, kinanuka, na yeye anachimba tu, hana kibali, hana kofia.

Sasa ninyi mnatujua watu wa Kolwezi. Hapa kila mtu ni mhandisi wa migodi, na asipokuwa mhandisi ni daktari. Jirani yangu dereva wa lori akaja na mafuta ya vidanje ndani ya chupa, meusi tii, eti ndiyo dawa ya ngozi tangu enzi za Union Minière. Mzee wa nyumba ya pili akasema lutuku, ile pombe kali yetu. Akaileta yeye, akaikagua yeye, na ilipofika zamu ya mbwa chupa ilikuwa nyepesi. Mama muuza mikate akasema pilipili: unapaka pembeni ya kidonda, mbwa akionja anaacha. Huo ushauri nikauona wa kisomi. Nikasaga pilipili. Mbwa akanusa, akapiga chafya, akaenda kujitafuna upande wa pili. Mimi nikajifuta jasho kwa mkono uleule. Mchana wote niliuza uniti nikilia machozi. Wateja wakaniuliza nani amekufa. Mmoja akaniachia falanga za pole. Nilizipokea.

Mimi lakini nilikuwa na maelezo yangu, na nilijua ndiyo ya kweli. Nilisema ni vumbi la malori. Kiangazi chote yanapita, yanabeba mawe, vumbi linaingia kwenye bukari, linaingia kwenye soksi, litashindwaje kuingia kwenye mbwa? Tena nilikuwa na ushahidi! Ukipanua manyoya ya Kobalti pale kiunoni unakuta chenga nyeusi, ndogondogo, zimeshikana na ngozi. Nikawaonyesha watu. Nikasema hii ni heterojeniti, mimi naijua. Dereva akachuchumaa, akaangalia, akasema kwa sauti ya mtaa wote: "Papa, peleka hiyo imbwa ku Musompo, bapime na Metorex, tuone teneri." Musompo ndiko wanakouza mawe, na Metorex ndicho kile kifaa cha wanunuzi cha kupima ubora wake. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Nami nilicheka, ila moyoni nilijiuliza kama wanapima bure.

Nikaamua kumfunga mdomo kistaarabu. Nilishaona mbwa wa tajiri mmoja amevaa kola pana ya plastiki shingoni. Nikachukua ndoo ya bibi yangu, nikaitoboa chini, nikapitisha kichwa cha mbwa. Ilikaa vizuri sana. Kobalti akasimama, akageuka, akagonga mlango. Akagonga meza. Akapindua sufuria ya fretini. Akatoka nje akakomba mikate ya yule mama, beseni zima, nami nikailipa. Watoto wa barabarani wakaanza: "Papa Parabole! Papa Parabole, unashika chaneli ngapi?" Parabole, yaani dishi la televisheni. Na si mbwa waliyemwita hivyo, ni mimi. Jumapili kanisani mama mmoja mtu mzima kabisa akanisalimia, "Habari Papa Parabole," kwa heshima zote, akijua ndilo jina langu.

Na mbwa? Mdomo umefungwa, mwasho uko palepale. Akawa anajisugua mgongo kwenye ukuta, kwenye fotei, kwenye suruali yangu.

Hapo kanisani ndipo mambo yakanizidi. Katikati ya maombi vifundo vyangu vya miguu vikaanza kuwasha. Nikajikuna kwa kiatu. Nikainama. Nikarukaruka kidogo, mguu huu, mguu ule. Pasta akaninyooshea kidole, akasema ndugu yetu ameguswa, tumwombee. Wakanizunguka. Nikaombewa nikijikuna. Bibi yangu alitazama dari.

Kesho yake bibi mwenyewe akaita veterineri. Akaja kwa taksi-moto, kijana mdogo, amesomea Lubumbashi, kwenye fakultee ya tiba ya wanyama ya UNILU. Nikamkaribisha, nikamweleza habari ya vumbi na heterojeniti kwa kirefu ili nimwokolee muda. Hakucheka. Akaomba karatasi nyeupe. Nikachana ukurasa kwenye daftari la madeni, akaugeuza, akasoma kwanza ninachodaiwa, kisha akauweka chini ya mbwa. Akachanua manyoya ya kiuno kwa kitana chenye meno ya karibu karibu. Chenga nyeusi zikadondoka. Akadondoshea tone la maji. Tukasubiri. Chenga moja ikalegea, ikatoa kiduara chekundu chenye ukahawia. Nyingine nayo. Nyingine nayo.

"Hii ni damu, Papa. Ni mavi ya kiroboto."

Karatasi nzima ilikuwa imechafuka wekundu, juu ya jina la mtu anayenidai mfuko wa unga.

Kijana akaeleza. Kiroboto akiuma anaacha mate, na kuna mbwa ambao miili yao haipatani kabisa na mate hayo: kung'atwa mara moja tu kunawawasha siku nyingi. Ndiyo maana wanajitafuna hasa pale kiunoni na kwenye shina la mkia. Unaweza usimwone kiroboto hata mmoja, maana mbwa anawameza huku akijitafuna. Kinachobaki ni mavi yao. Basi nami nilikuwa nimeyaonyesha mtaa mzima kama madini.

Halafu akauliza swali baya. "Analala wapi?"

Nikanyamaza. Bibi akajibu haraka mno. "Ku fotei ya Papa."

Akaniambia mayai ya kiroboto hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka mbwa anapolala. Yanaanguliwa ndani ya mito, chini ya mkeka, kwenye nyufa za sakafu, viluwiluwi vinajificha gizani, vinajifunga ndani ya vifuko, na humo vinaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi. Walio juu ya mbwa ni wachache tu wa ukoo huo. Wengine wote ni wapangaji wangu. Akavitazama vifundo vyangu vya miguu, bila kuombwa, akatikisa kichwa.

Nilipotaja vidanje alikasirika. Mafuta ya injini yaliyotumika yanaingia kwa ngozi, tena mbwa anayalamba, yanamuumiza ini na figo. Akaonya na dawa nyingine: brufeni ya watu inamtoboa mbwa tumbo. Ile sindano ya ivermektini ya ng'ombe, ambayo watu wanaikadiria kwa macho, dozi ikizidi inamharibia ubongo, na mbwa wa jamii ya kolie wanaweza kufa nayo. Dawa inapimwa kwa uzito. Kwa hiyo nikambeba Kobalti nikapanda naye mzani wa muuza unga, mbele ya watoto, halafu nikapimwa peke yangu ili tutoe. Uzito wangu ukatangazwa.

Kilichofuata ni kazi bila maneno. Manyoya yakakatwa kuzunguka kidonda, pakaoshwa kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakiwa yamepoa, pakakaushwa vizuri. Dawa ya viroboto akapewa, na itarudiwa kila mwezi, kwa sababu wale wa kwenye vifuko wanaendelea kutoka. Mashuka na mikeka vikafuliwa kwa maji ya moto, na maji hayo nani aliyabeba? Na badala ya ndoo, kijana akasema fulana ya zamani inatosha kumzuia kufikia kidonda. Bibi akaenda chumbani akarudi na ile yangu ya Mazembe, nyeusi na nyeupe. Akamvalisha, akafunga fundo kiunoni. Dereva alipopita akasema imemkaa kuliko ilivyonikaa mimi. Hakuna aliyebisha.

Sasa usiku tunalala. Mgongo wa Kobalti umeanza kuota manyoya, membamba, meusi kidogo. Mimi bado naitwa Parabole.

Basi ndugu, mbwa wako akianza kujila karibu na mkia, acha kuhangaika na mdomo wake. Tafuta kitana, karatasi nyeupe na tone la maji, kisha mwite mtu aliyesomea. Na kama unahitaji fotei, ninayo moja, iko nje juani kwa amri ya bibi. Ni imara, mbao ya zamani, mto umefuliwa. Bei tunaelewana, ila njoo na soksi ndefu.