Enaveti wa Chekalini

Mpaka leo kijana mmoja akipita stejini huinamisha kichwa na kujifanya anasoma ujumbe kwenye simu iliyoisha chaji. Haimsaidii. Tangu Jumamosi ya harambee, vijana wa bodaboda wa Chekalini wamempa jina jipya, nao hulitamka kwa pamoja kama kwaya: "Enaveti!"

Majirani walikuwa wamekaa chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, wakimchangia ada ya GRE, mtihani ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani vimeutumia kwa miaka mingi kuwachuja wanaotaka kusomea shahada za uzamili na uzamifu. Soda zilikuwa zimegawiwa. Mwenye spika alikuwa amepunguza muziki. Mtahiniwa akasimama kutoa shukrani na, kwa kuwa alikuwa katika wiki ya tano ya kukariri msamiati, akaona si vibaya watu waonjeshwe wanacholipia. Akamalizia kwa Kiingereza, mkono kifuani: mchango wenu, alisema, "has truly enervated me".

Makofi yakapigwa. Kina mama wakapiga vigelegele. Lau angeketi hapo hapo, mambo yangeishia pazuri. Lakini safu ya mbele alikuwepo mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyewafundisha nusu ya watu wa turubai lile pamoja na baba zao, naye soda ilimpalia. Alipomaliza kukohoa aliomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema kwa Kiswahili, polepole, ili asiachwe mtu nyuma, "kijana wetu anatushukuru kwa kummaliza nguvu."

Kimya kikatanda. Kisha mzee mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa ametoa shilingi mia mbili, akauliza kama pesa zinaweza kurudishwa.

Neno lenyewe ni mtego wa siku nyingi. Masikioni linafanana na "energy", kwa hiyo mtu huamini linatia nguvu, kumbe linaziondoa. Mzizi wake ni wa Kilatini, "nervus", yaani ukano, na mbele yake kuna kiambishi cha kutoa kitu nje. Aliye "enervated" ni mtu aliyenyofolewa kano akabaki amelegea kama nguo kwenye kamba. Jirani yake wa hatari ni "restive", linalonukia mapumziko ilhali maana yake ni kutotulia. Asili yake ni farasi aliyegoma kwenda, tabia ambayo yeyote aliyewahi kumswaga punda wa mkokoteni wa maji anaijua bila kamusi. Halafu kuna "sanguine", lenye damu tumboni lakini maana yake ni mwenye matumaini, kwa kuwa tabibu wa kale aliamini kwamba aliyejaliwa damu nyingi huwa mchangamfu. Mtahiniwa aliyajua haya yote usiku ule ule wa harambee, baada ya kufungua kamusi. Saa nane zilizotangulia alikuwa na hakika tu.

Kilichomnasa zaidi ni ufundi wa swali. Mkenya yeyote aliyefanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kabla haijazikwa mwaka 2023 anajua kujaza mapengo: kifungu kina nafasi 1 hadi 15, majibu ni manne, chagua lifaalo zaidi. GRE inachukua mchezo huohuo na kuutia pilipili. Aina moja ya swali ina pengo moja, mawili au matatu. Likiwa moja, majibu ni matano. Yakiwa matatu, kila moja lina majibu yake matatu, na lazima uyapate yote. Aliyepata mawili na aliyesinzia wanatoka sawa. Alipiga hesabu nyuma ya risiti: anayebahatisha ana njia 27, na iliyo sahihi ni moja.

Aina ya pili aliipenda mpaka akaanza kuwatungia wapwa zake jikoni kwa Kiswahili. Pengo ni moja, maneno ni sita, nawe uchague mawili yatakayoiacha sentensi na maana ileile. "Ijapokuwa mzee yule alijulikana kijiji kizima kwa ____, siku ya harambee alileta gunia zima la mahindi bila kuombwa." Maneno ni ubahili, ukarimu, ucheshi, uchoyo, ukali, utani. Asiye makini huona ucheshi na utani wamekaa kama pacha, akawabeba. Huo ndio mtego wenyewe: jozi ni kweli, lakini mcheshi kuleta gunia si jambo la kuliitia "ijapokuwa". Mwingine huvutwa na ukarimu, maana ukarimu na gunia huandamana, akasahau kwamba neno la kwanza la sentensi limeshageuza njia. Ukali unaweza kupenya kwa kusukumwa, ila hauna mwenzake, na hapa asiye na mwenzake hafiki popote. Hubaki ubahili na uchoyo. Sentensi nzima inaning'inia kwenye bawaba moja, "ijapokuwa", na tangu alipong'amua hivyo hawezi kusikiliza mahubiri ya Jumapili bila kuhesabu "lakini" za mchungaji. Rekodi ni 43.

Na kompyuta inayouliza maswali hayo ina akili yake. Tangu mtihani ulipofupishwa Septemba 2023, sehemu hii ya lugha ina maswali 27 ya dakika 41, katika makundi mawili: 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Ukilishinda kundi la kwanza, la pili huja gumu zaidi. Ni kama kibarua cha kupakia lori: ukimwonyesha tajiri kwamba gunia moja halikutetemeshi magoti, hupumzishwi, unatwikwa zito zaidi. Tofauti ni kwamba huku mzigo mzito ndio habari njema. Katika jaribio lake la kwanza la mazoezi, kundi la pili lilimjia laini kama uji, akashinda siku nzima akipiga mluzi. Jioni ndipo alipoelewa alichokuwa ameambiwa.

Alama huanzia 130 na kuishia 170. Mama yake alipoelezwa kwamba hata anayeshika mkia hupata 130, aliuliza kwa nini basi watu wanajisumbua kusoma.

Mikosi mingine haikuhitaji hotuba. Kitabu alichokitolea fotokopi saiba kilikuwa cha enzi za maswali ya vinyume na milinganisho, ambayo yaliondolewa Agosti 2011, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo alizitumia kumsomea marehemu.

Tangu 2020 mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani, katika chumba kilichofungwa, msimamizi akikutazama kwa kamera, nawe unaizungusha kamera chumba kizima ili aone hujaficha kitu. Katika mazoezi ya kuzungusha, ilimkuta kuku akiatamia chini ya kitanda. Kanuni zinakataza mtu kuingia. Huyu alikuwa ameshaingia, tena na mayai tisa.

Stima ilipotea katika jaribio la tatu. Na la nne.

Halafu ikaja ada, na hapo kicheko kikachacha. Mwaka 2024 ilikuwa dola 220, zaidi ya shilingi 28,000. Gunia la kilo 90 likienda kwa shilingi 3,500, hayo ni magunia manane, na huku Lugari, kaskazini mwa Kakamega, watu hawahitaji kuelezwa magunia manane ni nini: ni kulima, mbegu, mbolea, kupalilia mara mbili, kuvuna, kupukuchua, kuanika, na wingu likifunga ghafla, kukimbia kuanua. Mpango wa kupunguziwa ada upo, ila umewekewa raia na wakazi wa Marekani. Mtihani ulianza kama jaribio mwaka 1936, kwa wanafunzi wa Harvard, Yale, Princeton na Columbia, na watungaji wake husema kwamba unapima kufikiri. Huenda. Lakini fikira zote za dunia hazimsaidii mtu asiyejua "enervate" anapokutana nalo peke yake kwenye pengo. Huyu nyumbani huongea Kilogooli, sokoni Kiswahili, na amefundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne hadi shahada ya kwanza. Ana neno la kila hatua ya mhindi, tangu unapochipua hadi unapobaki gunzi, na hakuna pengo hata moja la kuliweka.

Wiki iliyopita aligundua kwamba idara mbili kati ya tatu alizozilenga zimeshaacha kudai GRE. Hajamwambia mtu. Soda zilishanywewa.

Kurasa zake za msamiati nazo zimepungua. Mama yake huuza mandazi stejini, na aliona karatasi zilizoandikwa upande mmoja tu, zimejaa kalamu nyekundu kama kazi iliyokwisha kusahihishwa, akazichukua za kufungia. Herufi H hadi M zilikwisha kabla ya saa mbili asubuhi. Mtahiniwa aliposhtuka na kukimbilia stejini, wateja walikuwa wameshatawanyika na Kilatini mifukoni.

Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa bado ameketi juu ya pikipiki yake, andazi la mwisho shavuni, akisoma.

"Enaveti," akaita. "'Lugubrious' ni nini?"

Mtahiniwa akasimama pale. Ulikuwa ukurasa wa Jumatano, alikuwa hajaufikia. Akaangalia barabarani kana kwamba jibu litakuja na matatu.

Dereva akaikunjua karatasi kwenye goti, akaipangusa mafuta kwa kidole gumba na kusogeza uso karibu.

"Sura ya matanga," akatafsiri. Akamtazama vizuri, juu hadi chini. "Kama hiyo yako." Akapiga kiki, akaondoka na herufi L.