Saa Yangu na Saa Yenu: Barua ya Wazi kwa Idara ya Afya ya Minnesota

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka zamu ya usiku. Mimi ni mmoja wa Waafrika Mashariki wengi tunaowaogesha, kuwalisha na kuwageuza wazee wa jimbo lenu. Naomba mnifafanulie jambo moja la saa.

Sisi Waswahili saa zetu huwatatiza wageni: kwetu asubuhi inaanza saa kumi na mbili, na saa moja ndiyo inafuata. Lakini za kwenu zimenishinda. Sheria inaniambia nikiona bibi ana alama za kubanwa na vidole mkononi, au kidonda cha kulala kimekaribia mfupa huku daftari likiapa kwamba aligeuzwa kila baada ya saa mbili, niripoti upesi, zisipite saa 24. Nikinyamaza makusudi, hilo ni kosa la jinai. Simu ya kuripoti hupokelewa usiku na mchana. Hapo sina neno.

Taarifa ikishawafikia, ndipo majira hubadilika. Sheria hiyohiyo inawapa siku 60 kumaliza uchunguzi. Mwaka 2017 gazeti la Star Tribune likafichua kwamba mwaka uliotangulia mlipokea tuhuma zaidi ya 25,000, na katika kila 100, 97 hazikuchunguzwa. Subira ya ajabu! Desemba kamishna wenu akajiuzulu; labda yeye peke yake ndiye aliyetazama saa. Machi 2018 mkaguzi wa Bunge la jimbo naye akaandika kwamba ofisi yenu ya malalamiko haikutimiza wajibu wake. (Wakaguzi nao hawana adabu.)

Najua rundo lile la malalamiko yaliyokwama mlilifagia, na hongera. Tangu 2020 sheria inaruhusu hata familia kuweka kamera chumbani kwa mzee wao. Nimefurahi: mtoto anakaa kazini akitazama simu, anaona mwenyewe mama yake akivutwa mkono, kisha naye anawapigia ninyi.

Ombi langu ni dogo. Nipeni saa moja ya ofisini kwenu, niitundike ukutani mbele ya kitanda cha bibi ninayemhudumia. Ana miaka zaidi ya 90, na kila akiniuliza kama kuna mtu anakuja kumsikiliza, nimwonyeshe hiyo.

Niwieni radhi, naishia hapa. Yangu inasema saa nane za usiku, na bibi anatakiwa kugeuzwa.