Halua ya Idi na Dharura za Wanaume
Katika makazi ya Nakivale nchini Uganda, yanayohifadhi wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mama wa Kisomali apikaye halua ya Idi, akiisha kutia sukari, wanga, iliki na samli iliyotoka Mbarara, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, hukoroga peke yake hadi samli ijitenge kandoni mwa sufuria, kwani wanaume wote wamepatwa na dharura: huyu ameitwa Base Camp, kwenye ofisi za makazi, yule ana shughuli adhimu Mbarara mjini. Lakini halua ikishapoa siniani, dharura zote, kwa kudura za Mola, huisha saa ile ile. Nao hurejea wakiwa mafundi, mmoja akilalamikia iliki, mwingine, kinywa kimejaa, akitoa fatwa kwamba haikukorogwa vya kutosha.