Muulize Mama Sufuria: Matumbo ya Watu Waliotumwa Kazi

Safu hii huandikwa Kawangware, nyuma ya jiko, chapati za asubuhi zikishaisha na kabla maharagwe ya mchana hayajaiva. Barua za wiki hii zimetoka kwa wasafiri wa kikazi. Wamelipiwa tikiti, wamelipiwa vitanda, na bado wanalia njaa. Haya, tuwasikilize.

*Shikamoo Mama Sufuria. Mimi ni mkaguzi wa hesabu kutoka Dar es Salaam. Ofisi imenileta Nairobi kwa wiki mbili na kunipangia hoteli Lavington. Kila asubuhi ni soseji zile zile, tikiti maji lile lile, na kijana wa kuniuliza kama nimefurahia. Jioni upepo ukivuma kutoka Kawangware unaleta harufu ya kitu kinachochomwa, nami nakaribia kulia. Wenzangu wa ofisi ya hapa wanasema nikila huko tumbo litaniua. Nifanyeje? — Mfungwa wa Bufee*

Marahaba, mwanangu. Hao wenzako waulize walikuwa wanakula nini walipokuwa chuo kikuu, kisha uwaangalie usoni. Wengi wao wamesomea kwa chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, ila mbele ya mgeni wanajifanya wamezaliwa na uma mkononi.

Kuogopa tumbo si upuuzi. Lakini wewe unaogopa mtaa, na mtaa hauna kosa; cha kuangalia ni saa. Kawangware huamka kabla ya jua kwa sababu watu wake ndio wanaojenga, kufua, kupika na kulinda huko Lavington na Kileleshwa, na wengi huenda kwa miguu. Alfajiri hiyo chai ya maziwa imeshaingia kwenye thamosi na mandazi yanatoka kwenye mafuta yakiwa bado yanalia. Ukiniuliza mimi, andazi hilo ni salama kuliko soseji yako, iliyolala kwenye sinia la moto tangu mpishi aripoti kazini. Saa saba mchana watu wa mjengo wanashuka kula, na hapo sufuria haipati nafasi ya kupoa. Saa tisa unusu yamebaki mabaki. Saa hiyo usije. Hata mimi mwenyewe sili.

Panda matatu ya 46, au kama miguu ni mizima fuata barabara ya Gitanga mpaka steji ya Congo, hapo hapo Kawangware. Usivutiwe na kibanda chenye meza safi na hakuna mtu. Tafuta mahali watu wenye simiti kwenye viatu wamebanana kwenye benchi moja. Kibarua akiugua leo, kesho hana pesa, kwa hiyo hachezi na tumbo lake. Mahali anapokula kila siku pamekaguliwa kuliko vitabu vyovyote utakavyofungua wewe.

Ukifika, nawa kwa maji ya jagi. Salamu iwe fupi: najua nyinyi watu wa Dar huanza na habari za nyumbani, za kazi na za watoto, lakini nyuma yako kuna foleni na saa ya mapumziko inayoyoma. Sema, "Mama, chapo mbili madondo." Chapati zitatoka kwenye hotipoti zikiwa zimekunjwa, maharagwe yatamwagwa juu na supu yake, na ukiongeza kidogo utakatiwa avokado. Kachumbari ipishe siku za kwanza, maana nyanya mbichi hutegemea zimeoshwa kwa maji gani. Maji kunywa ya chupa, au agiza chai. Na tafadhali usitoe noti ya elfu moja. Mama hana chenji, na atalazimika kumtuma mtoto azunguke mtaa mzima huku madondo ya wengine yanapoa. Ukimaliza, inuka. Benchi hilo si la mazungumzo.

Ile harufu ya jioni ni mutura. Ni utumbo uliojazwa nyama, damu na viungo, ukachemshwa, kisha ukawekwa juu ya makaa. Muuzaji huukata kwa kisu kirefu juu ya ubao, tap tap tap, anamwaga chumvi pembeni, na wateja wanasimama kuuzunguka ubao wakiokota vipande kwa vidole au vijiti. Hakuna sahani. Hakuna viti. Bosi mwenye tai na mtu wa mkokoteni wanachovya chumvi moja. Agiza wa pesa kidogo kwanza. Ukiona katikati bado ni mwekundu na laini, mwambie arudishe motoni, hatakasirika. Halafu kuna kikombe cha supu chenye pilipili. Hapo utajua mwenyewe kwa nini watu wanachelewa kufika nyumbani.

*Sasa Mathee. Niko na duka la nguo hapa Kawangware karibu na soko. Mwezi ujao naenda Guangzhou kununua mzigo, mara ya kwanza kutoka nje ya nchi. Mzee wangu amenifungia kilo nne za unga wa ugali, Royco, chumvi na kasufuria. Anasema Wachina wanakula vitu vya ajabu na nitakonda. Nibebe? — Mama wa Mitindo*

Mama wa Mitindo, mzee anakupenda, lakini hajafikiria moto. Utapikia wapi? Chumba cha hoteli kina kengele ya moshi. Ukianza kusonga ugali ghorofa ya kumi na mbili, utajuana na zimamoto wa China kabla hujajuana na muuza nguo hata mmoja.

Ukikwama kabisa, nenda Xiaobei. Ni mtaa wa Guangzhou ambao wafanyabiashara wa Afrika wameuzoea kwa miaka mingi, na vyakula vya kwetu havikosekani. Waislamu pia hawahangaiki: kuna mikahawa ya Wachina Waislamu yenye nyama ya kondoo na tambi zinazovutwa kwa mikono mbele yako. Lakini usijifungie Xiaobei. Nimesikia watu waliorudi kutoka China wakisimulia bei za jinzi tu, kana kwamba walilala ndani ya kontena.

Asubuhi tafuta uji wa mchele. Wenyeji wa huko wanaupika mpaka punje zinapotea, wanautia vipande vya samaki au nyama. Kama huli nguruwe, uliza kwanza, maana hapo ndipo anapojificha. Ajenti wako atakualika chakula cha mchana, meza ya mviringo yenye kioo kinachozunguka katikati, na kuku ataletwa na kichwa na miguu. Usipige kelele. Wewe ni mtu wa Kawangware. Vichwa na miguu ya kuku unaviona vikikaangwa kando ya barabara kila jioni, na watoto wako wanavipenda. Tofauti ni meza tu. Kula, maana bei nyingi huko hulainika baada ya chakula.

Malipo hayatakusumbua, umezoea M-Pesa tangu 2007. Kule ni Alipay na WeChat, unaskani hata kwa muuza viazi vitamu. Tangu 2023 zimerahisishiwa wageni wenye kadi za benki za nje, kwa hiyo panga mambo hayo ukiwa bado nyumbani, si kwenye foleni ya mtu mwenye haraka. Na ukiona tarehe zako zimeangukia Aprili au Oktoba, ujue ni msimu wa Maonyesho ya Canton, yanayofanyika tangu 1957, na vyumba hupanda bei vibaya sana.

Unga mwachie mzee. Ndiye atakayebaki peke yake jikoni, na huyo ndiye ninayemhofia atakonda.

*Mpendwa Mama Sufuria, mimi ni afisa wa miradi. Wakubwa wangu kutoka Geneva wana mkutano Gigiri, na kati ya mkutano na ndege wana saa moja na nusu. Wanataka "kuonja maisha halisi" Kawangware au Kibera. Nimeambiwa niandae programu. — Afisa Mwenye Presha*

Pole, mdogo wangu. Kati ya Gigiri na Kawangware kuna foleni ya magari, na hiyo ndiyo itakayokula saa yako moja na nusu. Waambie wakae humo humo garini, hayo ni maisha halisi kabisa ya Nairobi.

Wakisisitiza, wakumbushe kwamba si wa kwanza. Kibera imeshapokea waigizaji wa *The Constant Gardener*, filamu iliyotoka 2005, na mwaka uliofuata ikampokea Seneta Obama. Watu wamezoea kutazamwa, na wamejua kuhesabu nani ananunua na nani anapiga picha tu. Kwa hiyo katika programu yako futa neno "ziara" uandike "chakula cha mchana". Gari moja, si msafara. Wapange foleni kama wengine, walipe wenyewe. Kamera zibaki mfukoni, hasa mbele ya watoto. Mkubwa akitaka kujua zaidi, mnunulie mtungi wa maji wa lita ishirini, umwoneshe ngazi za ploti yoyote na umwambie mteja yuko ghorofa ya nne. Akishuka, ataandika ripoti fupi kuliko zote alizowahi kuandika.

*Nyabo, mimi natoka Kampala kwa semina. Kila mtu ananipa githeri. Mbona mahindi na maharage tu, na mbona kila mtu anacheka anaponipa kwenye mfuko? — Muganda wa Semina*

Wanacheka kwa sababu tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, mwananchi mmoja alipigwa picha akiwa kwenye foleni ya kura anakula githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki, na nchi nzima ikampenda. Mwisho wake alipewa nishani ya Rais. Siku ishirini baada ya picha ile mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Githeri ilinusurika. Mwambie mpishi aikaange na kitunguu, nyanya na karoti, uongeze avokado. Ya kuchemsha tupu, nakubali, inahitaji moyo.

*Mama, nimefuata ushauri wako wa siku zote, nimekula vibandani kwa wiki nzima ya kazi. Sasa mhasibu wetu Kigali anataka risiti. — Sina Karatasi*

Kibanda hakina mashine ya risiti. Mama akiwa na nafasi atakuandikia kwenye karatasi ya daftari la mtoto, upande wa pili ikiwa na hesabu za darasa la nne. Njia nzuri ni kulipa kwa M-Pesa na kutunza ujumbe: una tarehe, una saa, una kiasi. Tatizo moja tu, jina linalotokea mara nyingi si la mama. Mhasibu akikuuliza kwa nini fundi wa simu amekuuzia maharagwe siku tano mfululizo, mwambie laini ni ya kijana wake.