Moshi Umehamia Kwangu

Sipingi sheria. Ile ya Rwanda ya Machi 2013, iliyokataza kuvuta sigara ofisini, hospitalini na ndani ya mabasi, niliipigia makofi mpaka viganja vikawasha. Ila walioitunga hawakujiuliza mvutaji akitolewa nje atasimama wapi. Wangeniuliza mimi: atasimama dirishani kwangu, hapa mtaani Nengo, karibu na mpaka wa Goma.

Baa ya jirani ni safi kuliko zahanati. Wateja wanatoka kistaarabu, chupa mkononi, wanaegemea ukuta wangu na kuwasha. Upepo wa Ziwa Kivu unamalizia kazi: moshi unapita dirishani na kutulia ndani ya chandarua. Vichungi hawatupi chini, la hasha, mji wetu msafi! Wanavichomeka kwenye nyufa za mawe ya ukuta, kimoja kimoja. Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, mimi navichokoa kwa kijiti, na waliovichomeka wako pembeni na majembe wakilalamika kwamba mtaa umechafuka.

Shisha ilipopigwa marufuku Desemba 2017 nilidhani nimepona. Wapi! Waliokuwa wakikaa kitako na mrija wakarudi kwenye sigara, yaani ukutani.

Ikaja kodi. Mwaka 2025 ushuru wa pakiti ukapanda kutoka faranga 130 hadi 230, mbali na ile asilimia 36 ya bei ya rejareja. Bei ikipanda, watu wataacha; ndivyo wanavyosema wataalamu wa afya dunia nzima, na nawaamini. Lakini wataalamu hawana shemeji Goma. Huyu wangu hajaacha kuvuta, ameacha kununua. "Shemeji, hii kodi ni ya nchi yenu, nichangie." Nikimwambia avuke mpaka akavutie kwao, anadai vumbi la huko litamwumiza kifua.

Jana nilimfumania uani akikung'utia majivu kwenye chungu cha maua cha dada yake. Nikamsomea sheria. Akanyoosha kidole kuelekea volkano ya Nyiragongo.

"Shemeji, yule anavuta hadharani usiku na mchana. Mwaka 2021 alitutimua tukaja kulala kwenu. Umeshasikia ametozwa faini?"

"Nyiragongo hajawahi kuniomba kibiriti."

"Ah, umenikumbusha," akasema, akijipapasa mifukoni. "Unacho?"